Utamwonyesha Nani Kwanza?

Dereva wa lori alizimia kabla sindano haijamgusa.

Na mtu mwenyewe alikuwa pande la mtu, shingo nene, viatu vikubwa kama mabegi ya safari. Tangu aingie dukani alikuwa akijigamba kwamba yeye ameshalala porini na fisi wakimzunguka, sembuse kisindano. Haya, mashine ikawashwa, zzzz, macho yakamgeuka, akateleza kutoka kitini taratibu mpaka sakafuni. Bibi, aliyekuwa mahali pake karibu na mlango akifuma sweta, hakuinua hata kichwa.

"Mpe maji ya sukari," alisema. "Na umsogeze, amenilalia uzi wangu."

Ndivyo zilivyokuwa Jumamosi katika duka la Shangazi. Alikuwa mchora tatuu, na kila mtu alimwita Shangazi, hata wazee waliomzidi umri, kwa sababu alikuwa na ile sauti: anakukaripia huku anakuwekea chakula. Duka lilikuwa chumba kimoja kirefu, upande huu fundi viatu, upande ule muuza balbu na nyaya za umeme. Ndani mlikuwa na kiti cha kulalia kilichotoka kwa daktari wa meno aliyestaafu, taa ya shingo ndefu, rafu ya chupa za wino, maboksi ya glavu, na kioo. Kile kioo ndicho kilikuwa fahari yake. Kilitoka duka la nguo za harusi lililofungwa, kirefu kutoka sakafuni mpaka karibu na dari, na mtu akisimama mbele yake hujiona mzima kuanzia unyayo hadi utosi.

Bibi alikuwa mama yake mzazi, na hakuzipenda tatuu hata kidogo. "Mungu alikuchora mara moja akaridhika," aliwaambia wateja. "Wewe unamsahihisha kwa ruhusa ya nani?" Lakini hakukosa dukani hata siku moja, maana nyumbani umbea ulikuwa haba. Na tukisema kweli, kazi ile ilianza kwake. Enzi zake ndiye aliyetoga masikio ya wasichana wa mtaa mzima, kwa sindano na uzi, na Shangazi akiwa mdogo ndiye aliyeshika kioo cha mkononi. Hapo ndipo alipoona jambo ambalo halikumtoka kichwani. Msichana akishatogwa, hata machozi hayajakauka, anadai kioo. Akishajitazama, huyo, mbio kwenda kuonyesha.

Ndiyo maana Shangazi alikuwa na swali lake. Kabla hajavaa glavu alimuuliza kila mteja: "Ukitoka hapa utamwonyesha nani kwanza?"

Wengi walijibu papo hapo. Mke wangu. Wenzangu kazini. Mama, lakini nikiwa mbali na mwiko wake. Mjane mmoja alisema, "Nitajitazama mwenyewe bafuni, mwanangu, yatosha," akacheka mpaka akashika mbavu, na Shangazi akamchorea ua lake mahali ambapo hapa hatutapataja. Kujionyesha mwenyewe nalo lilikuwa jibu zuri. Ila walikuwapo waliotazama sakafu. "Simwonyeshi mtu. Wewe chora tu, na ganzi usiweke." Hao Shangazi hakuwagusa. Aliwakalisha kwenye benchi kando ya Bibi, akawapa chai, akawaambia warudi siku nyingine wakiwa na jibu. Baadhi walimtukana. Baadhi walimlilia Bibi mpaka sweta likalowa. Mmoja alirudi baada ya miezi ameshikana mkono na dada yake, akachorwa ndege begani, akageukageuka mbele ya kioo mpaka wateja wengine wakaanza kunung'unika.

"Mimi napamba watu," alipenda kusema Shangazi. "Anayetaka kuumizwa asinitume mimi."

Maneno makubwa hayo! Subiri uone alivyokuja kuyameza.

Dereva alikuwa ameshazinduka, anakunywa maji ya sukari kwa aibu, mlango ulipofunguka akaingia Meno. Huyu alikuwa binti wa kaka yake Shangazi, msichana wa miaka ishirini na kitu, muuzaji katika duka la miwani la barabara ya juu. Jina la Meno alipewa na Bibi siku ile Bibi alipotaka kumtoga masikio akiwa mtoto. Mtoto aliiona sindano, akamng'ata Bibi kidole mpaka ukucha ukaota upande, akakimbilia chooni akajifungia, na hakutoka mpaka alipoahidiwa mbele ya mashahidi kwamba hatatogwa. Tangu hapo ndewe zake zilibaki nzima, mwanamke pekee wa ukoo ule asiyevaa hereni.

"Karibu, mke mwenzangu," Bibi alimwambia.

"Nimekaribia, bibi. Huyu kaka mmemfanya nini?"

"Sisi? Amejiangusha mwenyewe."

Shangazi alifurahi mpaka meno ya mwisho yakaonekana. Ule mwaka Meno alikuwa mteja wake kipenzi. Alianza na jani dogo kwenye kifundo cha mguu, akarudi kwa jani jingine, kisha tawi, kisha tawi lingine, na kila mara alisema vilevile: "Chora unachotaka, shangazi." Sasa nikuulize, mchoraji gani haoti kumpata mteja anayemwambia chora unachotaka? Shangazi alivimba kichwa. Ganzi Meno hakutaka. Kulia hakulia. Alilala pale kwenye kiti cha daktari wa meno kama mtu aliyelala kitandani kwake.

"Mtazame binti wa kaka yangu," alimwambia dereva akianza kazi, "ujifunze ujasiri. Hapa ni juu ya mfupa, hapa wanaume wanamwita mama. Yeye hata hapepesi."

Dereva alisogea kutazama, akakunja uso. "Kweli haimuumi?"

"Huyu? Huyu ana bahati ya kuzaliwa nayo! Mwaka jana alianguka na pikipiki, yeye ndiye anaendesha, mdogo wake kakaa nyuma. Kumbe kuna mafuta yamemwagika barabarani. Mdogo wake mguu ulivunjika vipande vipande, wamemtia vyuma. Alikuwa anacheza mpira, winga, mtaa mzima tunamwita Winga mpaka leo, ila mpira ndiyo basi tena. Na huyu unayemwona hapa? Hata mkwaruzo! Aliinuka akajikung'uta vumbi!"

"Mungu mkubwa," dereva alisema. "Mdogo wake mguu gani?"

"Wa kushoto," Shangazi alijibu, akafuta wino kwenye mguu wa kushoto wa Meno, akaendelea kuchora.

Sindano za Bibi za kufumia zilisimama.

Kazi ilipokwisha, Meno alipakwa mafuta, akafungwa plastiki, akashusha suruali, akavaa kiatu. Akamkumbatia shangazi yake, akambusu Bibi kichwani, akaenda zake. Dereva naye alijikaza kiume, akachorwa herufi ya kwanza tu ya jina la mkewe, akaomba nyingine ziahirishwe. Lakini ile herufi moja aliitazama kwenye kile kioo kwa mbele, kwa ubavu, kwa kukunja mkono na kwa kuunyoosha. Aliondoka akipiga mluzi.

Bibi aliliweka sweta mapajani.

"Yule mtoto alinitoa ukucha kwa ajili ya sikio," Bibi alisema. "Leo analala chini ya sindano?"

"Amekua, mama."

"Amekua. Haya. Kioo chako amekitazama?"

Shangazi aligeuka akakitazama kioo. Alijaribu kumkumbuka Meno mbele ya kile kioo. Lile jani la kwanza, je? Hakumwona. Tawi? Hakumwona. Mtu anayeshinda kutwa nzima akiwashikia wateja wa miwani kioo wajitazame, kwake alipita kando ya kioo kila mara kana kwamba ni ukuta.

"Swali lako ulimuuliza?"

"Mama, huyu ni wa nyumbani."

"Kwani wa nyumbani hawaumii?" Bibi aliuliza, akarudia kufuma.

Siku zile zilizofuata Shangazi alikuwa mtu wa ovyo. Alitia chumvi kwenye chai. Alimchorea mwalimu wa hesabu pembetatu, mwalimu akaipima kwa rula yake mwenyewe akalalamika, na Shangazi hakuwa hata na nguvu ya kumjibu. Alijua jibu analoliogopa. Kila alipolikaribia lilimchoma, akaligeuzia mgongo.

Meno alirudi katikati ya wiki, saa ya chakula cha mchana. Hakuketi. Alipandisha suruali akaonyesha muundi, kuanzia chini ya goti.

"Leo hapa, shangazi. Mstari mrefu, ushuke mpaka kwenye majani. Chora unachotaka."

Shangazi alikuwa na glavu moja mkononi. Ya pili hakuivaa. "Ukitoka hapa utamwonyesha nani kwanza?"

Meno alicheka. "Tangu lini mimi ni mteja?"

"Nakuuliza, mwanangu."

"Wewe. Si wewe unaona?"

"Mimi ndiye ninayechora, sihesabiki. Nani?"

Kicheko kikapungua, kikapotea. "Sitaki mtu auone mguu wangu," Meno alisema. "Basi? Ni dhambi? Mwili si wangu?"

"Ni wako. Mkono ndio wangu, na leo mkono wangu hautaki."

"Shangazi, acha masihara, nina nusu saa tu."

"Sina masihara. Nilipaswa kukuuliza siku ya kwanza, nikakaa najisifu. Sikuchori."

Loo, usiombe kumwona mtu mpole akikasirika! Meno alishusha suruali kwa nguvu, uso umemwiva. Alisema kwamba wanawachora walevi, wanamchora dereva anayezimia, yeye damu yao ndiye anayefukuzwa. Alisema sawa, hana shida, Bwana Mistari yuko ng'ambo ya barabara na yeye haulizi watu maswali ya polisi. Akatoka. Mlango ulibamizwa mpaka kile kioo kikatetemeka ukutani.

Shangazi alibaki amesimama na glavu yake moja. Aliogopa, na wala hakujificha kwamba anaogopa. Bwana Mistari akimkataa Meno, wako wengine. Na mikono ya watu ikiisha, Meno ana mikono yake mwenyewe.

"Umesimama unangoja nini?" Bibi alisema. "Vuka barabara."

"Niende kwa yule mwizi?"

"Mwizi wa kibao. Mtoto ni wa kaka yako. Nenda!"

Sasa hapa lazima nikueleze, la sivyo hutajua Shangazi alivuka nini alipovuka ile barabara. Bwana Mistari alijifunza kazi kwake. Alimfundisha kushika mashine, kunyoosha ngozi, kuchanganya wino. Alipoiva akafungua duka lake mkabala kabisa, akatundika kibao chenye waridi lilelile, rangi zilezile, hata umande ule ule juu ya ua. Tangu siku hiyo walikuwa paka na panya. Shangazi alimpa kisogo miaka mingi, akaapa mbele ya fundi viatu kwamba hatatia mguu mle mpaka kiama. Fundi viatu alipomwona anavuka, nyundo ilibaki hewani.

Aliingia bila kubisha hodi, tayari kupiga magoti au kupiga mtu, lolote litakalotangulia. Akasimama ghafla.

Karibu na mlango kulikuwa na benchi. Kwenye benchi alikaa Meno, kikombe cha chai mikononi, analia bila sauti. Bwana Mistari, mwanamume mwembamba wa miwani, alikuwa amechuchumaa mbele yake kwa mashaka kama mtu aliyeachiwa mtoto mchanga ghafla.

"Sijamgusa," alisema upesi, akiinua mikono. "Wallahi sijamgusa. Nimemuuliza tu utamwonyesha nani kwanza, akaanza kulia. Nikampa chai. Mimi bibi wa kumkalisha naye sina, nilikuwa nataka kuja kumwazima wako."

Shangazi alimtazama. Akalitazama benchi. Akaitazama birika. "Wewe! Umeniibia mpaka swali?"

"Kibao niliiba kwa tamaa," Bwana Mistari alisema, akitazama chini. "Swali nililichukua kwa sababu linafaa."

Miaka yote ile Shangazi alikuwa akijikusanyia matusi ya siku watakapokutana uso kwa uso, na alikuwa nayo ya kutosha. Hakulipata hata moja. Alimkumbatia yule mwizi wake kwa nguvu mpaka miwani ikampinda usoni.

"Uje dukani kwetu," Meno alisema kupitia machozi, "nikunyooshee," na wote watatu wakacheka, kicheko kile cha watu ambao nusura walie. Kisha Bwana Mistari akasema anakwenda kumsalimu Bibi, akawaachia duka lake zima.

Shangazi aliketi kwenye benchi. Hakusema kitu. Hiyo kwake ilikuwa kazi ngumu kuliko kuchora.

"Hata mkwaruzo," Meno alisema. "Mnalisema nyote. Wewe, baba, majirani, mpaka wateja wako wanalijua. Mnalisema mkicheka, na najua mnalisema kwa kunipenda. Lakini mimi ndiye niliyeshika usukani, shangazi. Winga anachechemea kwenda kunifungulia mlango nikirudi kazini, ananiuliza siku imekwendaje, na mimi nimesimama pale na miguu yangu miwili mizima. Hata mkwaruzo. Sindano ikiwa mfupani natulia kidogo, naona kama nalipa. Nikitoka nje, linarudi lote."

"Na anayekuchoma ni mimi," Shangazi alisema. Machozi yalimtoka, hakuyafuta. "Kwa mkono wangu huu. Na nikakuita jasiri mbele za watu. Nisamehe, mwanangu. Mafuta yale hukuyamwaga wewe, na sisi badala ya kukuuliza umeumia wapi, tukashangilia kwamba hujaumia."

Meno alimlalia begani. Magari yalipita nje. Shangazi alivuta pumzi akauliza lile la mwisho, lile lililomvusha barabara.

"Nijibu kweli, sitakufokea. Umewahi kufikiria kujiumiza kwa mikono yako mwenyewe?"

Meno alikizungusha kikombe cha chai mikononi. "Nimewahi kufikiria," alisema. "Ndiyo maana nilikuwa nakuja kwako. Nilisema afadhali kwa shangazi, angalau pale kuna mtu."

Shangazi alimshika kichwa kwa mikono miwili, ile yenye glavu na isiyo na glavu. "Ulifanya vizuri kuja. Na uendelee kuja, sikiliza, kila siku ukitaka. Ila sasa utakaa kwenye benchi. Na tutamtafuta mtu anayejua mambo haya kuliko mimi, maana mimi najua ngozi tu."

Na walimtafuta kweli. Mama yake Meno, wifi yake Shangazi, alipoambiwa alilia, akajilaumu, kisha akafunga kilemba chake vizuri akaenda hospitalini kuuliza mshauri nasaha anapatikana siku gani. Mshauri akawa mama mmoja mnene mwenye kikohozi na vichekesho vingi. Meno alikwenda mara ya kwanza kwa kusukumwa, mara ya pili kwa kusindikizwa, baadaye akawa anakwenda mwenyewe na kurudi na vichekesho vya mshauri, ambavyo Bibi alivihukumu kuwa havina chumvi.

Winga aliambiwa na Meno mwenyewe, pale pale dukani, kwenye benchi. Alikuwa kijana mrefu, fundi wa simu, na fimbo yake ya kutembelea aliizungusha vidoleni kila alipokaa, hata Shangazi akamwonya sijui mara ngapi juu ya kioo. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akapandisha suruali, akaweka mguu wake kando ya mguu wa dada yake. Kovu lake lilianza chini ya goti likashuka. Majani ya Meno yalianza kifundoni yakapanda. Yalikuwa kwenye mstari uleule, yamebakiza kidogo tu kufika.

"Alaa!" Winga alisema. "Yaani umenakili kovu langu? Mtaa huu kila mtu mwizi?"

Hakuna aliyecheka, kwa hiyo aliiweka fimbo chini.

"Dada, mguu ulioumia ni mmoja. Mmoja! Mimi nyumbani nilikuwa nategemea ule wako mzima, siku nikichoka unikimbilie dukani. Sasa na wewe unauharibu, nitamtuma nani?" Akakohoa. "Sijakulaumu. Hata siku ile pale chini barabarani sikukulaumu. Nilikuwa nakutafuta kwa macho nijue kama uko hai."

"Hukuniambia," Meno alisema.

"Hukuniuliza, na mimi nilidhani unajua."

Basi wakalia, mtu na mdogo wake, na Bibi akawaambia waangalie wasimlowanishie sweta, halafu akalowanisha mwenyewe.

Usidhani mambo yalinyooka siku hiyohiyo. Ziko siku Meno alipoingia dukani uso umekunjamana, hasalimii mtu, akaomba tu mstari mdogo, mmoja, shangazi, tafadhali. Shangazi alisema hapana. Meno alikaa kwenye benchi na hasira zake, Bibi akamtwika uzi mikononi aushike wakati anauviringa, na uzi wa Bibi ulikuwa hauishi. Sweta lile lilirefuka mpaka likapita magoti. Fundi viatu aliuliza linafumwa la nani, Bibi akajibu la yule atakayeuliza. Bwana Mistari naye akawa anavuka barabara kuleta habari na kunywa chai, na siku moja alikuja na rangi akageuza waridi la kibao chake kuwa alizeti. Shangazi alitoka nje akalitazama, akasema petali zimemshinda, akachukua brashi akamtengenezea.

Shangazi mwenyewe aliacha kabisa lile neno la mkwaruzo. Mteja akimkumbusha hadithi ya pikipiki, alisema, "Ile ajali iliwaumiza wote wawili," kisha akabadilisha mazungumzo.

Ikafika Jumamosi moja, duka limejaa. Dereva wa lori alikuwa amerudi kwa herufi yake ya tatu, maana ya pili aliipata kwa kushikwa mikono. Meno aliingia amevaa sketi, majani yake yako nje mbele za watu, na mkononi ana kiboksi kidogo. Akakifungua. Ndani mlikuwa na hereni mbili za mviringo, ndogo.

"Nataka kutogwa masikio," alisema.

Bibi aliangusha sindano za kufumia zote mbili.

Shangazi alivuta glavu, lakini hakuvaa. "Ukitoka hapa utamwonyesha nani kwanza?"

"Winga. Yuko hapo nje na simu yake, anasema nikilia atanirekodi aonyeshe timu nzima."

"Na ganzi?"

"Weka," Meno alisema haraka, akipanda kitini. "Weka nyingi, shangazi. Weka mpaka iishe."

Shangazi aligeukia rafu ya wino kwa muda, akajifanya anatafuta pamba. Aliporudi alikuwa na macho mekundu na kichupa cha ganzi. Bibi alikuwa ameshasogeza kiti chake mpaka kichwani kwa Meno, ameunyoosha kidole chake chenye ukucha wa upande.

"Kiko hapa, mke mwenzangu," alisema. "Ukizidiwa, ng'ata."

Ganzi ilipakwa, ikangojewa, ndewe ikafutwa. Dereva alifumba macho kwa niaba ya mgonjwa. Shangazi akashika sikio, akapima, akatoga.

"Aaaii!" Meno alipiga ukelele uliofika kwa muuza balbu. "Inauma! Shangazi, inauma!"

Na Bibi akapiga vigelegele. Naam, vigelegele, mle dukani, mikono juu! "Inamuuma! Sikieni, jamani, inamuuma!" Shangazi alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, "Pole, mama, pole, najua inauma, pole," na fundi viatu akaja mbio na nyundo yake, Bwana Mistari akavuka barabara bila kutazama magari, wote wanauliza kuna nini, nani ameumia.

"Mjukuu wangu!" Bibi aliwajibu, uso unang'aa. "Ameumia mpaka amelia!"

Fundi viatu alimtazama Bibi, akamtazama Shangazi, akarudi kwenye viatu vyake akitikisa kichwa.

Hereni ya kwanza ikaingia. Shangazi alikuwa anachukua pamba kwa ajili ya sikio la pili, alipogeuka kiti kilikuwa kitupu. Meno alikuwa amesimama mbele ya kioo. Machozi hayajakauka, pua imemwiva, kichwa kainamisha upande huu, kisha upande ule. Alijitazama sikio. Akashusha macho mpaka kwenye majani ya mguuni, akayatazama nayo kwa muda mrefu, kisha akarudi tena kwenye uso wake.

"Wee, bado moja!" Shangazi alimwita. "Rudi hapa!"

Lakini Meno alikuwa ameshaufikia mlango, ameshika sketi isimkwaze, anamwita Winga. Alitoka mbio na hereni yake moja, kwenda kuonyesha.